Seksheni imeshikamana mpaka inanitisha. Koplo afanyeje?

Mwana_Langoni (Lamu)

Assalaam aleikum jamaa. Mimi ni koplo, kwetu Langoni, na sasa niko nyumbani likizo. Kambi sitaitaja wala kikosi, na anijuaye humu ndani naomba anistiri.

Mwezi ujao naingia kozi ya uongozi, ile ya kuelekea usajenti. Kila mmoja ameambiwa aende na mpango wake wa maandishi: vipi ataifanya seksheni yake iwe kitu kimoja, na vipi atazuia tabia za kudhuru. Wamezitaja moja moja. Kuonea wageni, ulevi, kusumbua wanawake kwa maneno na mikono, kamari, na mtu kujidhuru mwenyewe. Yote hayo kwenye kurasa mbili.

Wenzangu najua wataandika kwamba watu wao wanahitaji kuunganishwa. Wangu wameungana tayari, na hiyo ndiyo shida yangu. Ni watu tisa. Hawaibiani, hawachongeani kwa afande, ukimgusa mmoja umewagusa wote. Tukiwa doria huko msituni wallahi sina wasiwasi nao hata kidogo. Lakini akija kijana mgeni wana "mapokezi" yao. Huamshwa usiku wa manane, humwagiwa maji, hubingirishwa mchangani, na mengine sitayaandika kwa sababu humu kuna mama zetu. Mkuu wa shughuli ni lansi koplo mmoja, cheo kimoja chini yangu, hodari wa shabaha, kila luteni ajaye humpenda.

Kuna kijana aliyeletwa kwetu mwaka jana. Alikuwa mcheshi, mpenda mpira, sasa hasemi. Nikiuliza kuna nini, wote hujibu kwa sauti moja: hakuna kitu, koplo.

Nikiuvunja umoja wao, si nitavunja pia lile linalowafanya wasikimbiane risasi zikilia? Na nisipouvunja, haya mengine nitayazuia kwa njia gani? Naomba jibu la mtu aliyewahi kuongoza watu. Mambo ya "wape motisha" nimeyasikia ya kutosha.

Pweza_Nchi_Kavu (Lamu)

Aleikum salaam. Koplo, mnataka jeshi au chekechea? Wazee wetu wa KAR, lile jeshi la mkoloni, walipigwa mateke depo na bado wakaenda Burma wakarudi na nishani. Mapokezi yako kila mahali, hata shule za bweni. Huyo kijana ana deni au kaachwa na mchumba. Ukianza kunyatanyata usiku kuchunguza wanaume wenzio utaitwa mfitini, na mfitini hafuatwi vitani. Waache.

Mstaafu_wa_Shela (Malindi)

Waalaikumu ssalaam mwanangu. Niko Shela, ya kwetu Malindi, si ile yenu ya mahoteli. Nimestaafu nikiwa sajenti mwandamizi, sasa nina mashua na goti bovu, na leo bahari imechafuka kwa hiyo nina nafasi ya kuandika.

Kwanza nimalizane na Pweza. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua, tope na malaria. Lililowavusha ni kwamba tope lile walilikanyaga wote, aliyetangulia na aliyefuata. Mateke ya depo usiyape sifa ya watu.

Sasa koplo, hofu yako si ya bure. Tafuta habari za kikosi cha askari wa miavuli wa Canada waliopelekwa Beledweyne, Somalia, mwishoni mwa 1992. Si mbali na sisi. Kwa kushikamana, watu wale wangeweza kuwafundisha wengine wote. Kabla hawajaondoka kwao, Oktoba ile, gari la kiongozi mmoja lilichomwa moto kambini na fataki za kijeshi zikarushwa kwenye tafrija. Wakubwa wakauliza nani, hakuna aliyefungua kinywa. Kamanda wao akataka kombania ile iachwe nyumbani mpaka wahusika wajitokeze. Aliyeondolewa ni kamanda. Kombania ikasafiri.

Machi 16, 1993, usiku, walimkamata kijana wa Kisomali wa miaka 16, Shidane Arone, kwa kunyemelea kambi. Walimfunga, wakampiga, wakamchoma, akafa usiku uleule. Walipiga na picha naye. Wenzao walisikia kelele, wengine walipita wakaona, wakaendelea na usiku wao. Mapema mwaka 1995 kanda za mapokezi ya wageni wa kikosi hicho zikaonyeshwa kwenye televisheni za kwao, aibu tupu, na Machi mwaka huohuo serikali ikakivunja kikosi kizima. Yaweke pamoja: gari, mapokezi, mtoto wa watu. Ni ukimya mmoja uliokuwa ukipandishwa cheo.

Kwa hiyo ukiulizwa kwenye kozi seksheni yako imeshikamana kiasi gani, jibu wameshikamana na nani na kwa ajili ya nini. Wako wanaoshikamana wao kwa wao tu. Wako wanaoshikamana wao kwa wao na pia na kiongozi wao, na kazi waliyotumwa, na sheria. Mwishoni mwa vita vya pili vya dunia wataalamu wa Marekani waliwahoji askari wa Kijerumani waliotekwa, wakitaka kujua kwa nini walipigana mpaka mwisho hali vita vimeshapotea. Siasa ilitajwa kidogo. Kilichowashika kilikuwa kile kikundi kidogo waliokula na kulala nacho, na sajenti waliyemwona anawajali. Hilo hutajwa kozini kama sifa. Wakumbushe pia kwamba waliyekuwa wakimpigania ni Hitler.

Na hapa kwetu, kambi ya Lanet, Nakuru, Januari 24, 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa batalioni ya 11 waliasi. Mshahara haukupanda, maofisa bado ni Waingereza. Siku chache nyuma Tanganyika na Uganda palikuwa pamekwisha kuwaka. Umoja wa askari ulikuwepo tele. Njia ya kupeleka neno juu likasikika ndiyo haikuwepo.

Sasa kwa vitendo. Mimi sikuwa mtu wa hotuba.

Mapokezi usiyapige marufuku halafu ukaenda kulala, yatahamia nyuma ya stoo. Yachukue. Kijana mpya akifika, wewe mwenyewe ndiye umpokee getini, umwonyeshe kitanda, umtafutie mwenzi wa kumshika mkono. Mwenzi huyo asiwe lansi koplo wako. Lindo lake la kwanza la usiku akae nawe. Kisha wape watu wako jambo gumu la kweli, matembezi ya usiku na mizigo, mvua inyeshe au isinyeshe, na wewe ubebe mzigo sawa na wao. Shida wanayoipata wote kwa pamoja huunganisha. Shida ambayo wanane humpa mmoja huwafanya washirika wa siri, na watu wa siri moja huwa wanaogopana, wewe unaona wanapendana.

Usimuulize mtu jambo mbele ya wanane. Kaa naye mnapanguza bunduki, mkono una kazi, macho yanatazama chini, ndipo maneno hutoka. Kila mtu wako ujue mke au mama yake yuko wapi, nani mgonjwa nyumbani, analala saa ngapi. Na pesa! Siku hizi ulevi umepata mwenzake, nao ni simu. Mkopo wa simu wa kulipia kamari ya mpira, kisha mkopo wa pili wa kulipia ule wa kwanza. Mshahara ukiingia asubuhi, jioni kijana anakopa nauli. Ukiona hivyo usingoje.

Kuhusu wanawake, soma habari za Fort Hood, kambi ya jeshi la Marekani huko Texas. Askari Vanessa Guillén, miaka 20, alipotea kambini Aprili 2020, mabaki yake yakapatikana mwishoni mwa Juni. Aliyemuua ni askari mwenzake. Alikuwa amewaambia watu wake kwamba anasumbuliwa kazini. Kamati huru ikaingia pale, ikatoa ripoti Desemba 2020 yenye mapendekezo 70, na viongozi 14 wakafukuzwa au kusimamishwa. Katika askari wanawake 503 waliohojiwa, kamati ilikuta visa 93 vya kuaminika vya kushambuliwa kingono. Vilivyokuwa vimeripotiwa ni 59. Na sababu yake ndiyo inayokuhusu wewe: mpango wa kuzuia unyanyasaji ulikuwepo, una ofisi, una vitabu, una mabango ukutani, lakini uliishia ngazi ya brigedi. Chini ya hapo, yaani kwako wewe koplo, haukufika. Baadaye sheria ya kwao ilibadilishwa, uamuzi wa kushtaki makosa kama hayo ukaondolewa mikononi mwa makamanda wa mshtakiwa na kupewa waendesha mashtaka maalumu. Wewe huwezi kutunga sheria, lakini unaweza kuwaonyesha watu wako njia mbili za kupeleka malalamiko ambazo hazipiti kwako wala kwa lansi koplo. Waambie majina ya ofisi, waambie na mlango uko wapi.

Na huyo aliyenyamaza, muulize waziwazi. "Unafikiria kujiua?" Neno ni hilo, usilizungushe. Kumuuliza hakumwingizii wazo kichwani, madaktari wa akili wamelithibitisha hilo mara nyingi, na mtu huona afadhali kwamba kuna aliyethubutu kulitamka. Wamarekani huwafundisha askari wao mambo matatu: uliza, jali, sindikiza. Wengi huishia la pili. Kumsindikiza ni kutembea naye hadi kwa daktari na kukaa mpaka apokewe. Na usimwache na bunduki. Mpe kazi ya mchana isiyo ya silaha bila kumtangaza.

Mama_Mahamri (Mokowe)

Mie sijui seksheni wala platuni, nauza chai na mahamri karibu na jeti. Ila askari nawajua, wanakula kwangu kwa daftari.

Kulikuwa na kiongozi mmoja hapa, cheo chake sikijui, kijana mfupi. Kila mwisho wa mwezi alipita mwenyewe. Bi Mahamri, nani kapitisha kiasi? Hakuwalipia. Humwita mwenye deni kando, wanazungumza, wiki inayofuata nalipwa. Siku moja mmoja wao alimshika mkono binti anayenisaidia kazi. Yule mfupi alikuwa kaketi palepale. Hakupiga kelele. Alisimama akamwambia shika bunduki yako turudi, chai akaiacha. Kesho yake wakaja wote wawili, kijana akamwomba binti radhi mbele yangu. Tangu siku ile hata utani ulikwisha.

Akahamishwa, akaja mwingine mrefu. Huyu naye alicheka na vijana wake, wakimwita binti majina yeye ndiye wa kwanza kucheka. Mwezi haukwisha binti akaniambia haji tena. Walikuwa vijana walewale, koplo. Sura zao nazijua.

Sheria_Kidogo (Malindi)

Nyongeza fupi kwa Pweza. Kifungu cha 25 cha Katiba ya 2010 kinataja haki zisizopunguzwa kwa hali yoyote, na mojawapo ni kutoteswa wala kutendewa ukatili na udhalilishaji. Wanajeshi wana haki kadhaa zinazoweza kupunguzwa kisheria. Hii haimo. Pia koplo, mtu asiogope kwenda hospitali akidhani atashtakiwa kwa kujaribu kujiua: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume cha Katiba.

Pweza_Nchi_Kavu (Lamu)

Mama Mahamri, huyo mrefu namkumbuka. Haya, nimenyamaza. Lakini bado nasema lansi koplo hodari ukimdhalilisha utampoteza, na wanane watakwenda naye.

Mwana_Langoni (Lamu)

Nimesoma yote mara mbili. Mzee, jana usiku nilimpigia yule kijana. Aliniambia niko sawa, koplo. Baadaye nikampigia mwenzake wa kitanda cha jirani, nikazungumza habari za mpira tu. Kwa bahati akasema kijana kampa viatu vyake vya mpira na redio, kasema havihitaji tena. Mimi nikafikiri labda anataka kuacha mpira. Leo asubuhi ndipo nikasoma maneno yako. Nifikirie vingine?

Na lansi koplo je? Pweza ana haki kidogo, wanane watakwenda naye.

Mstaafu_wa_Shela (Malindi)

Fikiria vingine, na ufunge ukurasa huu sasa hivi. Mtu anayegawa vitu anavyovipenda na kusema havihitaji, huyo hasubiri mwezi ujao. Mpigie luteni wako, usimwandikie ujumbe, apokee umsikie. Mwambie maneno mawili matatu: amenyamaza kwa miezi, amegawa vitu vyake, nataka daktari amwone leo na mtu akae naye, bunduki asishike. Usianze kueleza mapokezi wala lansi koplo, simu itakuwa ndefu na jambo la kwanza litapotea katikati. Ukimaliza hapo mpigie mwenzake wa kitanda, akae naye mpaka daktari afike.

Rudi hapa baadaye nikujibu la pili.

Mwana_Langoni (Lamu)

Luteni amepokea. Daktari wa kambi alikwenda mwenyewe, kijana yuko naye. Alipoulizwa waziwazi alisema ndiyo. Mwenzake kaketi mlangoni tangu adhuhuri. Alhamdulillahi.

Mstaafu_wa_Shela (Malindi)

Alhamdulillahi rabbil alamin.

Sasa lansi koplo. Usimdhalilishe mbele za watu, hapo Pweza kasema kweli. Lakini usimwite faragha peke yako mkayamaliza kindugu, maana kesho atakuwa na siri nawe pia. Zungumza na luteni kwanza, yote, pamoja na hayo uliyoogopa kuyaandika hapa. Mambo ya jinai yakachunguzwe na wenye kazi hiyo, wala si wewe. Uchunguzi ukiendelea alale banda jingine, mbali na kijana, na wanane wahojiwe mmoja mmoja, siku moja, kabla hawajapata nafasi ya kupanga jibu. Utashangaa. Katika wanane daima wamo watatu wanne waliokuwa wanalichukia jambo lile tangu mwanzo na kila mmoja akidhani yuko peke yake. Hao ndio seksheni yako. Wakijua kwamba ulipiga simu ukiwa likizo, usihofu nani atamfuata nani.

Akionekana hana jinai bali ni ukorofi na umaarufu, mpe kazi ya kufundisha shabaha wageni, mchana, mbele yako, na umpime kwa wanaofaulu. Akikataa kufundisha ila kwa kutesa, huyo hodari wenu si hodari, anajua kulenga tu.

Daftari uwe nalo. Tarehe, nani kasema nini, nani umemwambia.

Mwana_Langoni (Lamu)

Nimekuelewa mzee, shukran sana. Likizo naikatiza. Shida basi la kesho kutoka Mokowe limejaa na la keshokutwa nimeambiwa nafasi ni za nyuma kabisa. Mwenye gari dogo linaloelekea Malindi anipe nafasi moja, mzigo wangu ni begi tu.

Mama_Mahamri (Mokowe)

Mwanangu, mpwa wangu anapeleka samaki Malindi, anaondoka mara baada ya alfajiri. Shika boti ya kwanza, ukishuka jetini uliza kwa mahamri, wote wanapajua. Nauli mtaelewana, ila utanuka samaki mpaka kambini.